Kinachoamuliwa koridoni: namna ya kuitazama The Good Wife

Swali la msomaji: "Nimeanza kuitazama The Good Wife, tamthilia ya Kimarekani ya mawakili, na nimefika katikati ya msimu wa kwanza. Naipenda, lakini nahisi napitwa. Kesi naielewa vizuri tu, ila sehemu ikiisha naona kama kuna jambo jingine limeamuliwa mbele ya macho yangu na mimi sikuliona. Mume wangu amesomea sheria, naye ananikatisha tamaa zaidi: anasema mahakama za kweli haziko hivyo. Je, ni lazima nijifunze kwanza sheria na siasa za Marekani ndipo niifaidi?"

Dada yangu, hujakosea kuhisi hivyo. Jambo hilo jingine lipo, tena karibu katika kila sehemu, na waandishi wameliweka makusudi mahali ambapo mtu anayefuata kesi kwa bidii hatapaangalia. Mimi ni wakili. Nimeitazama tamthilia hii mara mbili, mwanzo hadi mwisho, na mara ya kwanza ilinipita vilevile, kwa sababu nilikuwa nawinda makosa ya kisheria badala ya kuwatazama watu.

Huhitaji kusoma kwanza. Badilisha tu mahali unapoelekeza macho. Ndani ya chumba cha mahakama kesi inaonyeshwa. Koridoni ndiko inakoamuliwa.

Rudi kwenye dakika zile za mwanzo kabisa. Peter Florrick, mwendesha mashtaka mkuu wa Kaunti ya Cook, amesimama mbele ya waandishi wa habari anatangaza kujiuzulu. Kashfa ya makahaba imemfika shingoni, na juu yake kuna tuhuma za kutumia vibaya madaraka. Pembeni amesimama mkewe, Alicia, ambaye baada ya hapo atarudi kwenye kazi ya uwakili, kimya. Mume ndiye anayezungumza, lakini kamera inamtafuta mke, na mke anatazama kiuzi kilichonasa kwenye koti la mumewe. Hotuba nzima inapita, dunia yake inabomoka, na yeye ameshikwa na kiuzi. Kisha wanatoka, wanaingia koridoni, mbali na kamera za habari, na hapo ndipo kofi linapotua. Tamthilia imekwisha kukuambia jinsi inavyotaka kutazamwa: mbele ya watu kuna maneno, nyuma ya mlango kuna tendo.

Picha ile haikutoka hewani. Machi 2008, Eliot Spitzer, gavana wa New York ambaye kabla ya hapo alijijengea jina kama mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, alijiuzulu kwa kashfa ya makahaba, na mkewe, mwanasheria aliyesoma Harvard, alisimama pembeni yake mbele ya kamera. Robert na Michelle King, mume na mke waliobuni The Good Wife, wamesema wazi kwamba matukio ya namna hiyo ndiyo yaliyowasukuma. Kila mtu alikuwa akimtazama mwanasiasa. Wao wakamgeukia yule aliyesimama bila kusema neno. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Septemba 2009. Siasa iliyomo ndani yake, kwa hiyo, haikubandikwa juu ya hadithi ya mahakamani. Ndiyo iliyoizaa.

Sasa kuna jambo moja la kisiasa ambalo ningependa ulishike, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Katika nchi nyingi mwendesha mashtaka huteuliwa. Katika jimbo la Illinois, ambako hadithi hii inatokea, sivyo. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti anachaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4, kwa kampeni, wafadhili, matangazo ya televisheni na chama nyuma yake. Kaunti ya Cook ndiyo yenye jiji la Chicago, na sensa ya 2010 ilihesabu humo watu karibu milioni 5.2. Mwenye ofisi hiyo huamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, nani apunguziwe. Kila uamuzi kati ya hayo unaweza kurudi baada ya miaka miwili ukiwa kwenye tangazo la mpinzani wake, pamoja na picha ya mtu aliyeachiwa akatenda kosa jingine. Na ofisi hiyo ni ngazi. Richard M. Daley aliishika katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 akatoka hapo kwenda kuwa meya wa Chicago, kiti alichokalia hadi 2011, kiti ambacho baba yake naye alikuwa amekikalia miaka mingi kabla yake.

Chukua hilo uingie nalo kwenye kesi yoyote ya msimu unaoutazama. Glenn Childs, aliyerithi kiti cha Peter, anapoikazania kesi iliyo mikononi mwa Alicia, analenga watu wawili kwa jiwe moja: mshtakiwa aliye mbele ya jaji, na Peter, ambaye yuko gerezani na akishinda rufaa yake anaweza kurudi kugombea. Wakili wa serikali akikataa leo makubaliano ambayo jana alikuwa tayari kuyatia saini, usiishie kuuliza ushahidi umebadilika nini. Uliza uchaguzi uko umbali gani. Utashangaa ni mara ngapi jibu liko hapo, na hakuna mhusika aliyelitamka.

Majaji nao wanapigiwa kura. Katika Illinois jaji wa mahakama za mzunguko, zile zinazosikiliza kesi mwanzo, huchaguliwa kwa kipindi cha miaka 6, na kipindi kikiisha jina lake hurudi kwa wapiga kura waseme abaki au aondoke. Anahitaji asilimia 60 ili abaki. Kwa maandishi huo ni udhibiti mkali. Kwa vitendo, wapiga kura wengi hawawajui majaji hao, na katika Kaunti ya Cook hapakuwa na jaji aliyeangushwa kwa njia hiyo tangu 1990 hadi 2018, alipokosa mmoja. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kwenye tamthilia uhusiano kati ya mawakili na majaji una uzito mkubwa kuliko hofu ya umma. Will Gardner, bosi wa Alicia, hucheza mpira wa kikapu na majaji. Mtazamaji wa kawaida anaona wanaume wanatoka jasho. Mtu wa Chicago anaona kitu kingine kabisa, kwa sababu anakumbuka miaka ya 1980, wakati wapelelezi wa FBI walipoendesha operesheni ya siri iliyoitwa Greylord ndani ya mahakama za kaunti hiyohiyo. Walitega hadi kinasa sauti ofisini kwa jaji, na majaji zaidi ya kumi wakatiwa hatiani kwa rushwa, pamoja na mawakili na maofisa wa mahakama. Mchezo ule wa kikapu utarudi tena huko mbele. Sitakuambia unaishia wapi. Utazame tu ukijua kwamba katika jiji lile swali la nani ni rafiki wa jaji si swali jepesi.

Na kabla hujaamua kwamba Peter ni mbaya au ni mwema, msikilize kwanza mtu mmoja wa kweli wa Illinois. Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo katika jimbo lake mwaka 2000, baada ya kubainika kwamba watu wasio na hatia walikuwa wamehukumiwa kifo. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, aliwabadilishia adhabu wafungwa 167 waliokuwa wakisubiri kifo. Uamuzi huo ulikuwa miongoni mwa hatua zilizolifikisha jimbo kwenye kufuta adhabu hiyo kabisa mwaka 2011. Mtu huyohuyo, mwaka 2006, alitiwa hatiani kwa ufisadi na baadaye akafungwa. Ni mtu mmoja, na matendo yote mawili ni yake. Aliyemfuata, Rod Blagojevich, alikamatwa Desemba 2008 akituhumiwa kutaka kuuza kiti cha useneta alichokiacha Barack Obama. Alihukumiwa miaka 14. Waandishi walipoamua kuiweka hadithi yao Chicago, hawakuhitaji kutia chumvi. Walichohitaji ni ujasiri wa kumwacha Peter awe mtu anayeweza kutenda haki asubuhi na kupindisha haki jioni, bila muziki wa kutuelekeza lini tumchukie. Hili ndilo ninaloliheshimu zaidi katika tamthilia hii nzima.

Sasa nije kwa mume wako, maana ana hoja, na hoja yake inastahili kujibiwa sawasawa.

Muda, kwanza, ni wa uongo. Kesi ya mauaji haianzi Jumatatu ikaisha Alhamisi. Huchukua miezi, mara nyingi miaka. Ofisi moja kushika wiki hii mauaji, wiki ijayo hataza ya teknolojia, wiki nyingine talaka, kwa mawakili walewale, ni rukhsa ya kisanaa. Kalinda Sharma, mpelelezi wa ofisi ya Alicia, anafumbua kwa alasiri moja mambo ambayo wapelelezi halisi wangeyahangaikia msimu mzima. Na ndoa ya Alicia ingemletea taabu kubwa zaidi: kanuni za maadili ya mawakili za Marekani zinasema wakili ambaye mwenzake wa ndoa anamwakilisha mtu wa upande wa pili katika shauri hilohilo, kwa kawaida asilishike, isipokuwa wateja wote wameelezwa na wameridhia. Tamthilia inaigusa kanuni hiyo inapoihitaji, kisha inasonga mbele.

Lakini mwulize mume wako swali hili: kesi nyingi za jinai za Marekani huishia wapi? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, zinatokana na mshtakiwa kukiri kosa. Maana yake, kwa sehemu kubwa, ni makubaliano: kiri kosa hili dogo, tutaliacha lile kubwa. Makubaliano hayo hayafanyiki mbele ya wananchi 12 waliokaa kuamua kesi. Hufanyika ofisini, kwa simu, kwenye lifti, koridoni. Kwa hiyo pale ambapo mume wako anaona udanganyifu mkubwa, yaani mawakili kusimama nje ya mlango wakipimana miaka ya kifungo kama watu wanaopatana bei, ndipo tamthilia ilipo karibu zaidi na ukweli. Tofauti ni kwamba wao hurudi ndani wakamalizie kwa hotuba.

Ukiwa ndani, usihangaike na kila neno la kisheria. Mapingamizi matatu yanakutosha kwa muda mrefu: wakili anamwekea shahidi wake jibu mdomoni, shahidi anasimulia alichoambiwa na mtu mwingine, swali halihusiani na kesi. Mengine utayaokota njiani. Kilicho muhimu zaidi ni kumtazama wakili anayeuliza swali huku akijua fika kwamba jaji atalikataa. Analiuliza kwa sababu wale 12 wameshalisikia. Jaji atawaambia wasilizingatie, nao watatikisa kichwa, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Alicia anajifunza hila hiyo taratibu, na uso wake anapoitumia kwa mara za kwanza unafaa kutazamwa peke yake.

Watazame na majaji. Tamthilia nyingine humweka jaji kama samani: mzee mwenye nyundo. Hapa kila jaji ana tabia yake, na wakili anayeshinda ni yule aliyeisoma. Yupo Jaji Patrice Lessner, anayetaka kila wakili anapotoa dai aongeze kwamba ni kwa maoni yake. Unaweza kuliona hilo kama kichekesho tu. Mimi naliona kama kauli ya kisiasa: sheria iliyoandikwa ni moja, lakini inapita kwenye kichwa cha mtu, na mtu huyo aliwekwa pale na kura, chama, au urafiki.

Jambo jingine litakalokusaidia ni kujua jinsi mashine yenyewe ilivyoundwa. Tamthilia ilirushwa na CBS, televisheni ya matangazo ya biashara, sehemu 22 au 23 kila msimu, jumla 156 katika misimu 7. Kwa kuwa matangazo yaliikata kila sehemu vipande vipande, waandishi walilazimika kuweka mgeuko kabla ya kila pumziko. Ukiitazama bila matangazo, migeuko hiyo bado ipo: mahali ambapo picha inazima kidogo na muziki unakatika. Hapo ndipo kesi ya pili, ile isiyo na faili, husogea hatua. Ukisimamisha papo hapo na kujiuliza nani sasa anamhitaji nani ambaye dakika kumi zilizopita hakumhitaji, hutapitwa tena. Majina ya sehemu nayo yana mpangilio: msimu wa kwanza kila jina ni neno moja, wa pili maneno mawili, wa tatu matatu, wa nne manne, kisha yanashuka tena matatu, mawili, hadi moja. Halina athari kwenye kesi, lakini linaonyesha mikono ya watu waliojali kazi yao.

Katika msimu huuhuu wa kwanza utamkuta Eli Gold, mshauri wa kampeni. Mshike sana huyo. Mawakili wote waliomzunguka wanauliza jambo lipi ni halali; yeye anauliza jambo lipi litaonekanaje. Anapoingia kwenye chumba, hata sebule ya Alicia inageuka kuwa ofisi ya kampeni, na watoto wake wanakuwa watu wa kupangiwa maneno. Wengine humwona mchekeshaji, kwa sababu Alan Cumming anamwigiza kwa kasi na nguvu za kupendeza. Mimi naamini ndiye mhusika anayetufundisha zaidi jinsi ndoa ya hadharani inavyoendeshwa.

Watu hupenda kuniuliza kama waanze na The Good Fight, tamthilia iliyotokana na hii, iliyoanza 2017 na kuisha 2022. Ile inaanza na Diane Lockhart, mshirika wa Will katika ofisi ya mawakili, akitazama kwenye televisheni Donald Trump akiapishwa, ameduwaa. Siasa iko juu kabisa, kwa jina na sura. Ni kazi nzuri na ina hasira ya haki. Hata hivyo nakushauri uimalize hii kwanza. Katika The Good Wife karibu hakuna anayetoa hotuba kuhusu hali ya nchi; unaona tu jinsi hali ya nchi inavyoingia kwenye chakula cha jioni cha familia. Mwaka 2013, baada ya Edward Snowden kufichua jinsi shirika la usalama la NSA lilivyokuwa likikusanya mawasiliano ya watu, tamthilia haikuweka mjadala mahakamani na kuishia hapo. Iliweka vijana ofisini wenye visikilizi masikioni, wakisikiliza simu za Alicia kama wanaofuatilia tamthilia, wakicheka anapocheka. Dakika moja ya namna hiyo inanitisha kuliko saa nzima ya mdahalo.

Ushauri wa vitendo, basi. Chagua sehemu moja ambayo tayari umeiona na ambayo ulihisi imekupita. Itazame tena ukiwa na karatasi. Andika majina ya wahusika sita au saba, na kila mmoja anapomwomba mwenzake kitu, hata kama ni kumwomba tu anyamaze, chora mshale. Usiandike chochote kuhusu ushahidi. Mwishoni tazama mishale mingi imeelekea kwa nani. Mara nyingi itakuwa imeelekea kwa Alicia, mtu ambaye katika dakika ile ya kwanza hakuna aliyemuuliza neno. Na tafadhali usisome mihtasari ya misimu ya mbele mitandaoni. Katika msimu wa tano kuna jambo ambalo kila mtazamaji ana haki ya kulipokea bila kuonywa.

Mume wako usimlazimishe kuanza mwanzo. Msubirie mfike msimu wa pili, sehemu ya pili, Double Jeopardy, ambamo kesi inatoka mahakama ya kiraia na kuibukia mahakama ya kijeshi. Atasimama kitini aseme mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja, Katiba ya Marekani inakataza. Mwache amalize. Kisha mwambie kwamba jimbo na serikali ya shirikisho, ambayo ndiyo yenye mahakama ya kijeshi, huhesabiwa kuwa mamlaka mbili tofauti, kila moja na sheria zake na haki yake ya kushtaki, na kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliuthibitisha tena msimamo huo mwaka 2019, kwa kura 7 dhidi ya 2. Akishakaa, bonyeza muendelee, na umwonyeshe mawakili wanavyohangaika kujifunza kanuni za chumba wasichokijua.